Ni Mayi Moja

Kashikishi, tarehe 6 Machi 2025

Mulamu Ngalula,

Dada yako Laurentine alikufa. Ni siku ya kwanza ya juma, asubui, ku kliniki. Ilikuwa homa. Ilimupanda ku kichwa, hakusema tena.

Tulimuzika kesho yake. Tulituma mutu ku bwato akuite, tukakungojea mupaka saa sita. Upepo ilikuwa nguvu, nikajua habari haikuvuka. Si kosa yako. Maiti haingojeake upepo.

Telefone yako haiingie, njo naandika. Hii barua nampa Hénoc, kesho anavuka hii ziwa, lac yetu, kuja Kilwa na bwato yake.

Nakutumia na kikwembe ya Laurentine, nguo yake ya kujifunga, ile ya kijani ya ndege za manjano. Zingine nimegawia bamama ya kanisa. Ile nilisema ni ya dada yake.

Binti yetu Arlène anakula kidogo. Amerudia ku soko kuuzisha chisense, samaki zake ndogo.

Mi niko.

Kalenga


Kilwa, tarehe 21 Machi

Mulamu yangu Kalenga,

Yambo. Yambo sana. Uliamuka? Nyumba iliamuka? Na Arlène, mutoto yangu, aliamuka muzuri? Unaona? Vile njo barua inaanzaka. Batu banapiga hodi kwanza. Weye ulifungua na lufu, na kifo mu neno ya kwanza, kama mutu mwenye anatupa nanga mu sahani ya bukari.

Nilikuwa pale mabwato inasimamaka. Hénoc akanipa karatasi, akaangalia fasi ingine. Nikafungua huku nacheka, nasema, huyu mupumbavu leo anaomba nini tena. Nilikuwa nacheka, Kalenga. Mudomo ilikuwa ingali wazi vile nilisoma.

Nililia. Bamama ya muhogo balinikamata mikono. Sitaandika mingi juu ya ile. Kwa mama yetu tulikuwa babili tu.

Huku tuko. Mbuzi ilizaa mapacha, moja ni nyeusi kama roho yako. Muhogo imeoza kidogo juu ya mvua. Goti yangu ya kushoto inajua mvua mbele ya mawingu.

Unakula nini? Nani anapika? Usiseme ni weye. Nakumbuka ile bukari ulipika siku Laurentine alizaa, ugali ya mawe, hata kuku ilikataa. Kula, mulamu. Ukikonda, batu batasema ule mwanaume alikuwa anashibishwa na bibi yake tu, na itakuwa kweli.

Lini unarudia kukamata motere ya bwato? Usikae sana mu nyumba. Mutu wa motere akikaa mu nyumba anaoza, kama muhogo yangu.

Ni mi, bibi yako ya pili mwenye ulikosa bahati ya kuoa,

Ngalula


Kashikishi, tarehe 12 Aprili

Mulamu,

Yambo. Uliamuka? Mbuzi iliamuka? Goti iliamuka? Arlène iko. Mi niko. Nimemaliza kupiga hodi, sasa naingia.

Kazi sijarudia. Si uvivu. Balinikatalia.

Nilienda ku bwato ya Mukuka, patron yangu. Mufuko zilikuwa zimeisha kupangwa. Vile nilipandisha muguu, batu bote bakashuka. Ilunga alishuka wa kwanza. Unamujua, ye njo anachota mayi mu bwato, mi nakamata motere, tangu zamani. Alisema, "Kalenga, tunakupenda. Lakini bibi yako angali pa mabega yako. Ukikamata motere, na ye anakamata. Atatupeleka kwake."

Mukuka hakukasirika. Ye ni Mubemba, anajua desturi hii. Alisema, "Ndugu ya bibi amufunge bulungu kwanza. Fasi yake sitamupa mutu."

Nilienda kwa Pasta Elliot. Alikuja mbele ya bwato, akaniombea na sauti kubwa. Alisema damu ya Yesu imeisha kunitosha lufu, imeitoa pa mabega yangu, niko huru. Bote bakasema amina. Hakuna mwenye alipanda.

Desturi unajua kunishinda. Ndugu ya bibi anakuja. Anapaka bwana unga pa uso. Anafunga ile shanga nyeupe ya bulungu na uzi pa mukono. Lufu inatoka, mutu anarudi ku kazi. Laurentine hana ndugu mwingine, ni weye tu. Kuja unitoshe lufu.

Mi siwezi kuja kwako. Hakuna bwato itanibeba. Hata kama abiria. Hata kama mufuko.

Kikwembe ulipata?

Kalenga


Kilwa, tarehe 3 Mei

Mulamu yangu,

Yambo kwako, yambo ku Arlène, yambo hata ku Pasta Elliot mwenye aliombea mbao. Umejifunza kusalimia. Bado unasalimia kama mutu mwenye anakimbia nyuki, lakini ni muzuri.

Huku afya iko. Ile mbuzi nyeusi imeanza kula nguo pa kamba. Nimeipa jina yako. Jirani wanasikia asubui, "Kalenga, toka mu nguo ya batu!" Banacheka sana.

Juu ya ile neno ya bulungu, nimesikia. Nitakuja. Lakini hii wiki upepo ni mingi, mulamu, mawimbi inasimama kama ng'ombe. Na goti. Na muhogo, nikiacha kuangalia, watoto ya jirani wanabeba. Upepo ikilala, nitaangalia.

Sasa, weye. Hénoc aliniambia kitu chenye weye haukuandika. Asema unabeba mufuko na mugongo pale Kashikishi, na miaka yako yote ile. Sababu nini haukuniambia? Mi ni mutu wa inje? Laurentine angeona, angekuvuta na masikio mbele ya batu. Tafuta kazi ingine. Uzisha chisense na mutoto.

Ule unga wa muhogo mu mufuko mudogo ni wa Arlène. Weye usiguse.

Ngalula


Kashikishi, tarehe 15 Mei

Mulamu,

Yambo. Unga ilifika. Niligusa. Arlène alicheka mara ya kwanza siku ile, alisema mama mukubwa anajua kunitukana hata akiwa mbali. Pa mbuzi, aksanti. Jina yangu ni ya heshima, mbuzi ishukuru.

Sasa upepo.

Ile wiki unasema, mayi ilikuwa kama sahani. Hénoc alivuka. Mukuka alivuka na Ilunga. Bata zilivuka. Mi niko hapa ku mayi kila siku, naangalia, sina kazi ingine ya kuangalia. Ni mayi moja, mulamu. Ikitikisika kwako, inatikisika kwangu. Mutu wa Lubumbashi unaweza kumudanganya juu ya upepo. Mi hapana.

Ndiyo, nabeba mufuko. Sukari, saboni. Naingia mu mayi paka magoti, nasimama. Ilunga anainama, anapokea, juu nisiguse ubao. Vile njo tunatumika kazi sasa, mi na Ilunga. Tulikuwa tunakula sahani moja mu ile bwato.

Motere ya Mukuka inakohoa. Kijana mwenye amewekwa pa fasi yangu anaivuta kamba kama anachinja kuku. Nasikia kutoka inje. Nataka kusema, punguza mafuta kwanza. Nanyamaza. Mufiwa haongeleshake motere.

Kuja.

Na kikwembe, ulipata ao Hénoc alipoteza?

Kalenga


Kilwa, tarehe 9 Juni

Mulamu yangu mukali,

Yambo. Uliamuka na hasira? Weka chini, tusalimiane.

Huku baridi imeingia. Muhogo tumekausha. Kalenga wa miguu minne alianguka mu shimo, tulimutosha, hakushukuru, njo nikajua jina inamufaa kabisa.

Haya, umenikamata na upepo. Goti basi. Goti yangu si lac, hauwezi kuiangalia kutoka kule.

Lakini nimefikiri. Nakutumia bulungu na mukono ya Hénoc. Nimeifunga mu uzi mweupe, nimesema maneno yote juu yake, nimepaka na unga. Arlène ni damu ya Laurentine, ye akufunge. Itafaa. Na kama mama muzee moja pale Kashikishi anasema haifai, mwambie aje anipige.

Hénoc nilimwambia, "Chunga, usipoteze, ni kazi ya mutu iko mu hii uzi." Ameapa.

Kisha urudie ku motere yako, usinisumbue tena.

Ngalula


Kashikishi, tarehe 18 Juni

Mulamu,

Yambo. Batu bote bako. Hénoc pia iko, lakini kidogo tu.

Sikia.

Hénoc aliogopa kupoteza. Mufuko ya suruali yake iko na tundu. Njo alifikiri na ile kichwa yake. Alifunga bulungu pa mukono yake mwenyewe. Akavuka lac yote vile, na unga pa mukono, anapiga filimbi.

Bwato ikafika. Bibi yake Chouchou alikuwa ananingojea mi na beseni, nimupakulie saboni. Akaona mukono ya bwana yake pa motere. Bulungu nyeupe. Uzi mweupe. Beseni ikaanguka.

"Hénoc! Nilikufa lini?"

"Mama, ngoja, ni ya mutu."

"Nani alikutosha lufu yangu? Dada yangu? Dada yangu gani? Uko na bibi kule Kilwa alikufa?"

"Chouchou, ni kama posta! Nabeba tu!"

"Posta! Leo utakula posta. Bukari yangu hautaiona."

Akakaa chini mu muchanga, akaanza kujililia mwenyewe. "Yooo! Nilikufa, na hakuna mwenye aliniambia!" Bamama ya samaki bakakimbia kutoka soko. Moja hakuuliza, akaanza kulia na ye. Mukuka alicheka mupaka akakamata mulingoti ya bwato ya mutu mwingine.

Na mi nilicheka, mulamu. Ni mara ya kwanza tangu Machi. Nilicheka mupaka tumbo ikauma. Kisha nikageuka nyuma kumwambia Laurentine.

Basi.

Bamama bazee banasema ile bulungu imeharibika. Imetosha lufu mu mutu mwenye bibi yake iko muzima. Bakaikata, bakaitupa mu moto. Sasa hakuna mutu wa bwato atakubali kubeba ingine. Hénoc hata barua anaikamata na vidole mbili.

Njo inabakia weye, na miguu yako.

Goti yako Hénoc aliniambia. Alikuona unapanda mulima wa soko na gunia pa kichwa, unakimbiza mbuzi.

Hautaki kunitosha lufu. Sema tu hautaki. Mi nitabeba mufuko paka nikufe. Lakini usinitumie goti.

Kalenga


Kashikishi, tarehe 20 Julai

Mulamu,

Yambo. Barua haikukuja. Nilimuuliza Hénoc, alisema ulimusalimia vizuri, ukasema hauna kitu cha kutuma.

Nilikuambia maneno ya nguvu. Ni kichwa yangu.

Kama ni juu ya kilio, sababu sikukungojea zaidi, niambie. Kama Laurentine alikuambia siku moja nilimukosea, niambie pia.

Usinyamaze tu. Nyumba huku imenyamaza ya kutosha.

Arlène anakusalimia.

Kalenga


Kilwa, tarehe 5 Agosti

Kalenga,

Yambo. Leo mi sina mazungumuzo ya mbuzi.

Laurentine hakusema hata siku moja kama ulimukosea. Alisema unakoroma na unapenda motere kuliko batu. Ni yote.

Nitakuandikia kweli, kisha usiniulize tena.

Kikwembe nilipata siku ile ile. Kila mara uliuliza, nilikuwa napita pale na macho kama sikuona. Iko mu sanduku. Sijaifua. Ingali na moshi ya samaki ya Laurentine. Nikifungua sanduku, ye iko ku jiko yake kule Kashikishi, anageuza samaki, anakutukana. Nikifunga, nangojea siku ingine.

Sasa fikiri. Vile sijakufunga bado, Laurentine angali bibi yako, na mi ningali mulamu yako. Nikifunga ule uzi, nimesema mbele ya batu, basi, imeisha, hatuna kitu tena mu hii nyumba. Kesho kutwa utakamata mwanamuke mwingine. Sikatai, ni haki yako, bukari yako inaua kuku. Lakini ye atakuwa na badada yake. Bo njo watakutukana. Bo njo watakutumia unga. Na mi nitakuwa nani? Mama moja wa Kilwa mwenye anauza muhogo, mwenye ulijuaka zamani.

Dada nilipoteza siku moja, bila kuona. Weye unataka nivuke mayi, nikupoteze na mukono yangu mwenyewe, na unga juu.

Njo goti yangu iko vile.

Ngalula


Kashikishi, tarehe 8 Agosti

Mulamu,

Yambo.

Nilisoma. Nikampa Arlène, na ye akasoma. Alilia, kisha akasema, "Papa, mujibu, usimujibu kama weye." Sijui kujibu kama mutu mwingine.

Uzi ni ya lufu. Mulamu haina uzi. Hakuna mwenye alitufunga, hakuna mwenye atatukata. Siku nilikuja kwenu kuomba Laurentine, nani aliniambia mbele ya baba yenu kama masikio yangu ni mulango ya soko? Mi sikulipa kitu juu ya ile. Ulinipa bure. Haiwezi kurudishwa.

Kama siku moja mwanamuke anakuja hapa, atavuka Kilwa kwanza, akusalimie. Ukimukataa, arudie kwao.

Nani mwingine anajua ile bukari?

Kuja na mudomo yako yote. Unitoshe lufu, uniachie matusi.

Kalenga


Kashikishi, tarehe 2 Septemba

Mulamu yangu Ngalula,

Yambo. Yambo sana. Uliamuka? Nyumba iliamuka? Bamama ya muhogo baliamuka? Ule jina yangu wa miguu minne aliamuka, ao alikufa ku nguo ya batu? Na goti, ile goti muzima kabisa yenye ilipanda bwato kama ya kijana, iliamuka?

Unaona? Nimepiga hodi.

Huku tuko. Arlène anavaa ile kitambaa ya kichwa ulimuachia, anajivuna nayo soko yote. Hénoc na Chouchou banakula pamoja tena. Pale ulikuwa unanifunga, uliona Hénoc alisimama mbali, mikono yote mu mufuko ya suruali? Aliogopa utakosea mutu.

Kuko kitu sikukuambia siku zote ulikuwa hapa. Ukiwa mbele yangu tunatukanana tu, fasi ya kusema haikuwa.

Ile asubui ulikuja, nilikuwa mu mayi paka magoti, na mufuko ya sukari pa mugongo. Bwato ya Hénoc ilitokea mbali, ingali kidogo. Nikaona kikwembe ya kijani imesimama mbele. Ndege za manjano. Laurentine alikuwa anasimamaka vile, mbele, mukono pa kiuno, hata mi namwambia kaa chini. Nikakaa mu mayi na mufuko yote. Sukari ya Mukuka ikageuka chai.

Weye ulishuka ukasema, "Ndiyo, analewa mbele ya saa mbili." Sikulewa, mulamu.

Kisha ulikaribia. Ilikuwa weye. Nilifikiri itaniuma zaidi. Haikuwa vile. Nilifikiri, hapana, huyu ni mwenye anakuja kunitukana, basi bado niko na mutu.

Pa kufunga, uzi ilikuponyoka mara mbili. Ilunga alitaka kukusaidia, ulimupiga pa mukono. Ulisema, "Lufu, shuka, huyu si wako." Sauti yako ilikuwa ya Laurentine kabisa. Sijui kama unajua. Kisha ulifuta unga pa uso yangu na kipande ya kikwembe yake, ukasema, "Sasa umekuwa mubaya kabisa, hata lufu imekukimbia." Bote bakacheka. Mi nilisikia kitu inashuka kutoka mabega. Pasta atasema ni Yesu. Ilunga atasema ni bulungu. Mi nasema ni ile matusi.

Ulisikitika juu sikuweza kukurudisha kwako mi mwenyewe. Bwato ya Mukuka ilikuwa inje ya mayi, kupigwa pamba na lami mu matundu. Nilimaliza leo, na Ilunga, kichwa ku kichwa. Niligusa kila ubao. Hakuna mwenye alishuka. Motere nimefungua, nikasafisha, nikavuta kamba mara moja, ikaitika. Yule kijana alisimama kuangalia. Nilimwambia, punguza mafuta kwanza.

Bulungu ingali pa mukono. Uzi iko nguvu. Arlène asema itajikata yenyewe. Ijikate siku inataka.

Kikwembe ulirudi nayo. Ni muzuri. Usiifue.

Hii barua sitampa Hénoc. Mukuka asema bwato inaanza na kuvuka Kilwa, na sukari, mbele ya jua. Nitakupa mi mwenyewe. Utaisoma nikiwa nimegeuka nafunga kamba, usiniite mupaka umalize. Kisha unipikie bukari ya batu.

Ukiona upepo, usiogope. Ni mayi moja, naiangalia.

Kesho narudia kazi.

Kalenga